Mungu wangu wa chui hatishi

SWALI: Shikamoo dada. Naandika riwaya ya ulimwengu wa kubuni, watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa. Mungu wao ni chui, ila kila nikimwandika anatoka mfalme tu mwenye meno. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uliyemwandika ni simba. Huyo ndiye mwenye ukoo, na ngurumo yake husikika hata kilomita 8. Chui hutembea peke yake, na sauti yake hukwaruza kama msumeno kwenye ubao. Watu wako wakisikia ubao unapasuliwa usiku wa manane, wazime taa. Akishaua, hupandisha windo mtini, wakati mwingine zito kuliko yeye. Basi sadaka zao zitundikwe matawini, wala zisiwekwe madhabahuni.

Mimi nimekulia kwenye mawe ya Bugando. Pimbi walikuwa wakiota jua, mmoja analia, kufumba na kufumbua jiwe liko tupu. Chui hula pimbi. Wafanye hao makuhani wake, nakusihi.

Na kwa nini awe dume? Chui jike hulea peke yake, akiwahamisha watoto kutoka maficho hadi maficho. Mungu anayeficha wanawe mimi ningemwogopa zaidi.