Linux imegoma kuingia? Angalia kwanza imegomea wapi

Nimeweka Linux kwenye mashine nyingi, zangu na za jamaa zangu, na kila mara naona mtu akikwama anakimbilia kubadili distro (aina ya Linux), leo Ubuntu, kesho Mint, keshokutwa Fedora, wakati mara nyingi tatizo liko kwenye settingi za mashine, Linux yenyewe haijapata hata nafasi ya kuanza. Kwahiyo kabla hujafuta kitu, jua imekwama hatua gani.

Kama flashi haibuti kabisa (mashine haiwaki kutoka kwenye flashi), anza na hiyo flashi. Kukopi faili la ISO (faili moja lenye Linux nzima ya kuinstoli) na kulipesti tu hakutoshi, liandike kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na kabla ya hapo linganisha SHA256 (namba ndefu ya kuthibitisha kuwa faili ni zima) ya faili lako na ile iliyopo kwenye tovuti ya distro, maana ISO iliyoharibika njiani itakuzungusha siku nzima ukidhani mashine ndo mbovu. Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokataa kuwasha mfumo usio na saini inayoaminika) sio lazima uizime, Ubuntu na Fedora zinabuti nayo ikiwa imewashwa, Arch ndo itakataa.

Ikibuti halafu skrini ikawa nyeusi tii, mara nyingi ni kadi ya Nvidia. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea mwanzoni kuchagua cha kuwasha) bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwishoni ongeza nomodeset, kisha Ctrl+X. Muonekano utakuwa mbaya kidogo lakini we maliza tu kuinstoli, draiva utaweka baadae.

Sasa hili ndo linatesa watu kweli: umefika sehemu ya kuchagua diski na diski haipo!! Haijafa. Laptopu nyingi za Intel zinakuja diski ikiwa chini ya RST au VMD (namna za Intel za kusimamia diski), inabidi uingie BIOS (settingi za mashine zinazofunguka kabla ya mfumo kuwaka) ubadilishe iwe AHCI, namna ya kawaida. Ila kama Windows bado unaihitaji usibadilishe kienyeji, itagoma kuwaka. Iset Windows kwanza iwake kwa Safe Mode (hali ya vitu vya msingi tu), badilisha kwenye BIOS, iache iwake mara moja hivyo, ndo uirudishe kawaida. Na nakuomba sana, kabla ya kugusa BIOS hakikisha ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), ule wa tarakimu 48, umeandikwa mahali nje ya hiyo mashine, na mafaili yako yana kopi kwingine. Laptopu nyingi za Windows 11 diski imefungwa tayari na mwenyewe hajui, na ufunguo ukikosekana hakuna fundi wa kukufungulia. Fast Startup nayo (ile inayofanya Windows isijizime kabisa ili iwake haraka) izime.

Wifi haionekani? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa tethering (kugawia mashine intaneti ya simu), daunlodi draiva.

Umemaliza, unawasha, inaingia Windows moja kwa moja: usirudie kuinstoli! Ingia BIOS, panga Linux iwe juu kwenye orodha ya kubuti. Kama haimo humo, huenda flashi ilibuti kwa mfumo wa zamani wa kuwasha mashine wakati Windows yako iko kwenye UEFI, ule mpya, hapo ndo urudie, safari hii ukichagua flashi yenye neno UEFI mbele yake.

Na ukiomba msaada usiandike tu "imegoma", taja modeli ya mashine, distro na toleo lake, na piga picha maneno yaliyoko kwenye skrini.