Maswali Yenu: Makaa, Maji na Taka za Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: vipi mtu wa kawaida hapa Mombasa atayatunza mazingira bila kutumia pesa ambazo hana. Nimechagua tano.

Gesi ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi narudi kwa makaa. Najua miti inakwisha, lakini watoto lazima wale. Nifanyeje? (Mama, Majengo)

Pika mama, watoto wale. Anza na jiko lenyewe. Kama lako ni bati tupu, weka akiba ununue lile lenye udongo ndani, ambalo mafundi wa Kenya wamelitengeneza tangu miaka ya 1980. Udongo unazuia joto lisipotelee ubavuni, na makaa yanapungua sana. Pojo na maharagwe yaloweke usiku. Wali ukikaribia kukauka, badala ya kuupalia makaa, epua sufuria, ifunge kwa leso kuukuu na blanketi, uiweke kapuni. Utaiva kwa joto lake wenyewe. Vifuu vya nazi usitupe. Vikaushe juani uwashie moto, vinawaka vikali. Ukimaliza kupika, makaa yaliyobaki yafukie kwa mchanga mkavu, kesho utayawasha tena. Na jiko lisiingie chumba cha kulala hata siku moja: hewa yake ya sumu haina harufu.

Nakusihi pia umuulize muuzaji makaa yametoka wapi. Ya mikoko usinunue hata yakiwa rahisi. Mikoko ya Tudor na Port Reitz ndiyo malezi ya samaki na kamba tunaowala, na tope lake limehifadhi kaboni ya miaka mingi. Ikikatwa, kaboni hiyo inarudi hewani na kuongeza joto la dunia, na samaki wanakosa pa kukulia. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoulizwa.

Mfereji wetu unatoa maji siku moja moja, siku nyingine tunanunua madumu. Tuko wengi nyumbani. Tutapunguza wapi? (Baba, Kisauni)

Maji haya yanatoka mbali, ndugu yangu. Mengine ni ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na mengine ni ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Anzeni na udhu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, yaani chini ya lita moja. Mfereji ulioachwa wazi humwaga mara kadhaa ya hapo kabla mtu hajafika miguuni. Wekeni birika, watoto wazoee. Maji ya kuoshea mchele mwagieni mimea, na ya mwisho ya kufulia yaende chooni. Mwenye kiyoyozi akinge maji yanayodondoka nje. Si ya kunywa, lakini ya kupigia deki yanafaa sana.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 nimejaza ile inayofanana na kitambaa. Niitupe? (Msomaji, Likoni)

La, itumie mpaka ichanike. Mingi yake nayo ni plastiki, kwa hiyo usiongeze mwingine. Kapu la miyaa linabeba samaki na viazi vya Kongowea bila taabu, na pesa zake zinamfikia msusi.

Shikamoo, mama. Jirani anachoma taka kila magharibi, chupa na nepi humo humo. Nimwambie nini? (Binti, Changamwe)

Marahaba, mwanangu. Nenda mchana, moto haujawashwa, tena nenda na salamu. Mwambie moshi wa plastiki unaingia vifuani mwa watoto wake kabla ya kukufikia wewe. Halafu jitolee kutenganisha naye. Sehemu kubwa ya taka za jikoni ni maganda na machicha. Machicha wape kuku, maganda yafukieni shimoni yawe mbolea. Mkiyatoa hayo, uvundo unapungua, na mara nyingi uvundo ndio unaomfanya mtu awashe moto. Chupa wekeni kando, waokotaji watazichukua. Nepi ndiyo kazi ngumu, sina jibu jepesi. Nyumbani mchana mtoto akivikwa winda la kitambaa, nepi ya dukani ikabaki ya safari na usiku, taka zitapungua sana.

Nasikia umeme wa Kenya mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Basi kwa nini nijihangaishe kuzima taa? (Kijana, Nyali)

Ulivyosikia ni kweli. Lakini jioni, nchi nzima inapowasha kwa pamoja, mitambo ya mafuta huongezwa, na mingine iko papa hapa Kipevu. Kwa hiyo saa ina uzito. Pasi na mashine ya kufulia ziwe kazi za mchana. Kiyoyozi kiweke nyuzi 26, na kusi ikianza kuvuma fungua madirisha ya pande mbili ukizime kabisa.