Brutus wa jukwaani na Brutus wa historia

Ndugu uliyeuliza kama Brutus wa tamthilia ya Shakespeare, ambaye wengi wetu tulimfahamu kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari, alikuwa mzalendo au msaliti, naomba kwanza tuwatenganishe watu wawili. Brutus wa jukwaani anaamini kwa dhati kwamba anaiokoa Roma kwa kumuua mtawala wake, Kaizari, na hata adui yake Antony, rafiki wa Kaizari, akiwa mbele ya maiti ya Brutus, anamtaja kuwa Mrumi bora kuliko wenzake wote. Kosa lake ni kudhani kwamba hoja peke yake inatosha kuushika umati. Juzi vijana wa kidato cha sita hapa Mtwara waliigiza onesho la hotuba za mazishi ya Kaizari chini ya mkorosho: hotuba ya Brutus ilipigiwa makofi, lakini Antony alipolifunua joho la Kaizari lililotobolewa kwa majambia, waliokaa mchangani walinyamaza kabisa.

Brutus wa historia, aliyeshiriki kumuua Kaizari tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, ana doa ambalo tamthilia haikuligusa. Barua za Cicero, mwanasiasa wa Roma wa wakati huo, zinaonyesha kwamba, kwa kupitia mawakala, aliukopesha mji wa Salamis, kisiwani Saiprasi, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. (Sisi tunaoijua kangomba, ambapo mkulima mwenye shida huuza korosho kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.) Kwa hiyo mimi hutabasamu kila Brutus wa jukwaani anapomkaripia Cassius, mwenzake katika mauaji hayo, kwa kupenda rushwa.