Chevelle ya 1972 haikupoteza HP 95, tatizo ni kipimo

Mkuu umeuliza inakuwaje Chevelle SS 454 ya 1971 (gari la Chevrolet la Marekani, SS ni toleo la kimichezo, 454 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) imeandikwa HP 365, yaani nguvu za farasi, halafu ya 1972, injini ileile, 270, au Chevrolet waliichakachua? Swali hilohilo liliwahi kufanya gereji nzima inicheke. Nilikuwa Michigan nashikashika spana kwa mzee mmoja anayefufua magari ya zamani, siku hiyo kaleta ya 72, mi na ujuaji wangu wa kukariri namba nikamwambia mzee hapa umepigwa, ungetafuta ya 71. Hakubisha, alifungua boneti akaanza kunionyesha kwa kidole chake cheusi na grisi, feni, alteneta, wota pampu, eya klina, akainama mpaka kwenye mafla, akaniuliza hivi vyote vinakula nguvu ya nani?

Iko hivi, zamani kule injini ilikuwa inapimwa nje ya gari, imefungwa kwenye stendi ikiwa uchi, haina feni haina mafla, ndo inatoka ile namba tamu ya kwenye tangazo, wanaiita gross. 1972 wakahamia net, yaani inapimwa na mazagazaga yake yote. Bahati nzuri GM (General Motors, wenye Chevrolet) mwaka 71 walitoa namba zote mbili, na hiyo 365 yako kwa net ni 285. Sasa toa 270 hapo, zimeondoka 15 tu.

Panga lenyewe lilipita 1971, GM waliposhusha kompresheni (kiasi injini inavyobana hewa na mafuta kabla ya kulipua) ili magari yanywe petroli yenye madini ya risasi kidogo, hiyo 454 ikatoka 10.25 ikaja 8.5, na cheki kituko, kwenye karatasi HP ikapanda toka 360 ya 1970 mpaka 365 😂 (siongelei ile LS6, 454 kali zaidi ya HP 450, ule ni mnyama mwingine). Bima nazo zilikuwa zinawanyonga vijana, na mafuta yalipoadimika mwisho wa 1973 ndo basi tena, nani atalisha cc 7,400?

Kama unatafuta ya kununua mi ningekwambia chukua hiyohiyo ya 72. SS feki zimejaa, watu wanabandika beji kwenye Malibu, Chevelle ya kawaida, na kwa ya 71 namba ya chesisi haikwambii ilizaliwa na injini gani. Ya 72 inakwambia, angalia alama ya tano ya namba hiyo, ukikuta W ujue ilitoka kiwandani na 454. Mzee alinifutia vumbi pale kwenye dashibodi nisome mwenyewe.