Jibu: Je, filamu ya mashabiki isiyouzwa inaweza kukupeleka mahakamani?

Ndugu, umeuliza kama kutouza filamu ya mashabiki, yaani ile uliyoitengeneza mwenyewe kutokana na filamu au tamthilia ya wengine, kunatosha kukukinga. Hakutoshi. Wahusika na mavazi yao ni mali ya mwenye hakimiliki, na anaweza kukuzuia hata usipopata senti. Studio nyingi hufumba macho tu, maana kumshtaki shabiki ni kujiharibia jina.

Mfano mzuri ni Star Trek, tamthilia na filamu za Marekani za safari za anga za juu. Kundi la Axanar, lililokuwa likitengeneza filamu ya mashabiki, lilichangisha zaidi ya dola milioni 1 na kuwachukua waigizaji wa kulipwa. Desemba 2015 Paramount na CBS, wamiliki wa Star Trek, wakalishtaki. Januari 2017 jaji alikataa utetezi wa Axanar wa matumizi ya haki (kanuni ya Marekani inayoruhusu kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi bila ruhusa), na wiki mbili hivi baadaye pande mbili zikapatana.

Kesi ikiendelea, Juni 2016, studio hizo zilitoa masharti: hadithi isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, michango isizidi dola 50,000, wasishiriki watu waliowahi kuajiriwa kwenye Star Trek, na jina "Star Trek" lisiwe kwenye kichwa cha filamu, ila kwenye maelezo kwamba ni kazi ya mashabiki. Hilo la waajiriwa wa zamani mimi naliona kali mno, lakini ndilo hilo.

Lucasfilm, studio ya filamu za anga za juu za Star Wars, ilipita njia nyingine: tangu 2002 iliwaandalia mashabiki wa Star Wars mashindano, mwanzoni ikipokea filamu za vichekesho na za hali halisi tu.

Kwa hiyo tafuta kwanza masharti ya studio yako. Na usianze kuchangisha kabla hujayasoma. Pesa ndiyo huwaamsha mawakili.