Mbegu mbili si wanaume wawili: ushauri kwa wanandoa waliopatwa na mimba zabibu

Nilikuwa nimefundisha baiolojia kwa miaka tisa katika shule ya sekondari hapa Moshi, na kila mwaka nilipofika kwenye mada ya uzazi nilichora duara ubaoni, nikachora mbegu moja ikiingia, kisha nikawaambia wanafunzi kwamba mlango umeshafungwa. Sentensi hiyo ilinitosha mpaka siku niliyoketi na mume wangu mbele ya daktari, wiki tatu baada ya kusafishwa kizazi kwa sababu ya mimba zabibu, yaani mimba isiyoweza kukua kuwa mtoto. Daktari aligeuza karatasi ya majibu ya maabara, akachora nyuma yake duara kama langu, ila lake lilikuwa na mbegu mbili ndani.

Mume wangu aliutazama mchoro ule bila kusema neno, na ndani ya daladala ya kurudi Pasua akawa vilevile. Haikupita wiki nikaanza kusikia, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba mbegu mbili maana yake ni wanaume wawili. Ninaandika kwa ajili ya yeyote atakayeambiwa hivyo, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kabla ya kujitetea kwa mtu, jifunze yai linavyofanya kazi.

Katika tendo moja mwanamume mmoja hutoa mamilioni ya mbegu, mara nyingi zaidi ya milioni 100, nazo huchujwa vikali njiani hata zikabaki mamia machache tu zinazofika kwenye sehemu ya mrija wa uzazi ambako yai linasubiri. Kwa hiyo, hata zikilizingira yai zikiwa kumi au hamsini, kwa kawaida zote zimetoka kwa baba mmoja. Mchujo huo ndio kinga ya kwanza, kwa kuwa kadiri mbegu zinavyokuwa nyingi kulizunguka yai ndivyo uwezekano wa mbili kuingia unavyoongezeka.

Yai lenyewe, ambalo upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, limevikwa ganda la protini liitwalo zona pelusida. Mbegu ikishalipenya ganda hilo hukutana na utando wa yai, na hapo protini ya mbegu iitwayo Izumo hushikana na protini ya yai iitwayo Juno. Ya kwanza ilitambuliwa Japani mwaka 2005 ikapewa jina la hekalu la huko linalohusishwa na ndoa, na ya pili ilitambuliwa Uingereza mwaka 2014 ikapewa jina la mungu wa kike wa ndoa wa Warumi wa kale. Naona wanasayansi nao hupenda harusi. Mara tu mbegu na yai vinapoungana, mbegu huachia ndani ya yai kimeng'enya kinachofanya kalsiamu ipande na kushuka kwa mawimbi, tena kwa saa kadhaa. Wimbi hilo huamsha maelfu ya vifuko vidogo vilivyojipanga chini ya utando, navyo humwaga vilivyomo kuelekea kwenye ganda. Kimojawapo ni kimeng'enya kiitwacho ovastasini, ambacho hukata protini ambayo mbegu huishikilia, kwa hiyo zinazofuata hukosa pa kushika. Wakati huohuo yai huiondoa Juno kwenye utando wake, na kwa panya waliochunguzwa kazi hiyo humalizika ndani ya dakika 40 hivi.

Mtaona sasa kosa la mchoro wangu wa ubaoni. Baadhi ya viumbe wa baharini hubadili chaji ya umeme ya utando wa yai katika sekunde chache, lakini mamalia kwa sehemu kubwa hawana kinga ya haraka namna hiyo, na katika dakika hizo za kufunga mbegu ya pili inaweza kuwahi. Ikiwahi, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wetu, huwa 69 badala ya 46. Kondo la nyuma huota vifuko vya maji vinavyofanana na zabibu, na mimba haiwezi kukua kama inavyotakiwa. Hiyo ndiyo mimba zabibu isiyo kamili. Ile iliyo kamili hutokea kwa njia nyingine, kwa kawaida yai likiwa halina kiini chake. Nyingi za aina yangu hutokana na mbegu mbili. Haisababishwi na kubeba ndoo za maji wala kupanda mlima wa Marangu, na mapacha kwa kawaida hawapatikani kwa njia hiyo, ingawa wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka.

Nendeni wawili kusikiliza majibu, na mwombe daktari aseme kwa kinywa chake, mume akisikia, kwamba mbegu zote mbili ni za mtu mmoja. Sisi hatukuuliza, na ukimya ule ulitugharimu miezi miwili. Mwishowe mume wangu alirudi peke yake kwa daktari, kisha Jumamosi moja akanipeleka kwa mama yake kihambani na kumweleza yote mbele yangu. Mama mkwe alisikiliza huku akimenya ndizi, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo hata huyo wa pili alikuwa wako, baba?" Alipojibiwa ndiyo, aliinuka kuinjika sufuria, na jioni ile nikanywa mtori kama mzazi.

Jambo la mwisho ni la kitabibu, nalo msilifanyie mzaha. Baada ya kusafishwa, homoni ya mimba hupimwa mara kwa mara mpaka irudi katika hali ya kawaida, kwa sababu kwa wanawake wachache tishu hizo hubaki na kuendelea kukua na huhitaji matibabu zaidi. Katika kipindi hicho tumieni uzazi wa mpango, maana mimba mpya hupandisha homoni ileile na kuficha hatari. Mimi niliandika kila kipimo na tarehe yake kwenye daftari la shule, na nilipopata ujauzito tena niliwaonyesha wauguzi siku ya kwanza ya kliniki, nao wakaniandikia utrasaundi ya mapema.