Eti masta ya tesisi ni rahisi kwasababu haina mitihani?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nina digrii ya elimu, GPA 3.4, nafundisha sekondari Dodoma. Nataka masta, rafiki kanishauri nichukue ya tesisi maana haina mitihani inaisha haraka, na kuna kijana steshenari anaandika proposo (andiko la mpango wa utafiti) kwa laki tatu. Nataka kuchunguza mabinti wanaorudi shule baada ya kujifungua. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba. GPA haina shida, tuiache. Hili la "haina mitihani" nalisikia kila msimu wa maombi na linaniuma, maana nimeona watu wamekwama nalo miaka. Ni kweli hukai kwenye UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa semesta, ila unabeba utafiti mzima mwanzo mwisho wewe na supavaiza wako, hupati zile semesta za darasani ambazo wenzako wa kosiweki (masta ya kusoma darasani kwanza) wanafundishwa mbinu za utafiti kabla ya kuandika dizatesheni yao. Mtihani wako ni hiyo kazi yenyewe, inasomwa na watahini, wa nje ya chuo akiwemo, halafu unakaa vaiva unaitetea kwa mdomo wako. Kwa mwalimu mwenye vipindi kila siku na hajawahi kufanya utafiti zaidi ya ule wa digrii ya kwanza, chukua kosiweki.

Sasa huyo kijana. Usimpe hata mia. Nimekaa kwenye paneli mwanafunzi anaulizwa kwanini wahojiwa 200, anajibu "fomula ya Yamane", ile ya kukokotoa idadi ya wahojiwa. Walimu 400, kosa la 0.05, ndiyo inatoka 200, hesabu iko sawa kabisa, ila swali lake la utafiti lilikuwa kwanini walimu wapya wanaomba kuhama shule za pembezoni, kitu ambacho ukikaa na walimu 15 ukawasikiliza vizuri unapata kuliko madodoso 200 ya kuweka tiki. Hakujua, kwasababu sio yeye aliyechagua. Tukafungua sura ya tatu tukakuta wilaya ya Kondoa ina gavana! Kazi ya Kenya hiyo, wamebadilisha jina la kaunti tu. Yule binti alilia pale mbele yetu na mimi nilimuonea huruma kweli, hela kaliwa na semesta imeenda.

Na wewe topiki unayo tayari mikononi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu hao mabinti warudi, na wewe unawaona: chukua daftari lako la mahudhurio, angalia nani karudi, wiki ya ngapi kaanza kukosa, mtoto anabaki na nani. Swali la utafiti linatoka humo, steshenari halipo. Halafu walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi juu ya vibali vya chuo na vya mkoa, je huyo kijana alikutajia?

Hawa watu wamejaa kila mji wenye chuo, wakishakuuzia proposo wanakuuzia uchambuzi wa SPSS, programu ya takwimu, kisha wanakuuzia "kushusha asilimia" ya Turnitin, programu inayopima maneno yaliyonakiliwa, kwa kubadilisha maneno mpaka sentensi haina maana. Yeye haitwi kwenye vaiva, unaitwa wewe, na ikigundulika baadae chuo kinaweza kufuta digrii hata kama joho ulishavaa na picha iko sebuleni kwa mama.